Sura ya Tano: Msumari Haukuzaliwa Kuzunguka

Mtoto wa pwani ya kusini hujua kukaza ngoma kabla hajajua kuipiga. Jioni ya ngoma, wakubwa wakiwa bado wanakula, watoto hutumwa kuokota nyasi kavu na vifuu. Moto huwashwa pembeni ya uwanja, ngoma zikalazwa nyuso zikielekea motoni, na mpigaji akawa anazigusa moja moja kwa kidole huku ametega sikio. Ile iliyokuwa ikitoa sauti ya kufa huanza kuitika. Hakuna anayeingia uwanjani kabla kazi hiyo haijaisha, maana ngoma iliyolegea haichezeki, hata mpigaji awe fundi wa namna gani.

Nimeanza na ngoma kwa sababu sura hii ni ya gitaa la kujitengenezea, na wengi wanaolizungumzia gitaa hilo huusahau moto. Husifia sanduku lake: galoni, debe, kopo la rangi, kasha la mbao. Sanduku ndilo linalopigwa picha na ndilo linalowashangaza wageni. Lakini ala ya nyuzi nayo, kama ngoma, haijawa ala mpaka ikazwe na ikubali kubaki imekazwa. Moto wa gitaa ni kigingi.

Hilo nilifundishwa Njinjo.

Njinjo iko bara ya Kilwa. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Lindi, unaiacha barabara kuu pale Nangurukuru na kushika njia ya Liwale. Ni nchi ya Mto Matandu, mto ambao masika ukiamua kutoka kingoni hauombi ruhusa. Watu hulima ufuta, mahindi, korosho, na mpunga mabondeni. Nyuma ya mashamba kuna miombo, misitu ya myombo, mninga, mkongo na mpingo. Na baiskeli ziko kila mahali, zikibeba magunia, madumu ya maji na abiria. Kumbuka hizo baiskeli na hiyo misitu. Tutazihitaji zote mbili.

Nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha seremala mmoja mzee, chini ya mwembe, alipokuja kijana wa miaka kama kumi na miwili na gitaa lake kwapani. Lilikuwa galoni la mafuta ya kula la lita tano, lililopitishwa ubao katikati kuwa shingo. Lilikuwa na nyuzi tatu: mbili za waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa, na moja ya mshipi wa kuvulia. Juu, mwisho wa ubao, misumari mitatu ya inchi tatu ilikuwa imepigiliwa na kukunjwa, na kila uzi umezungushwa kwenye msumari wake.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Piga tusikie.”

Kijana akacharaza. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaijua kazi: dole gumba likishika mwendo chini, kidole cha shahada kikijibu juu, kwa mtindo ule wa gitaa kavu ambao wazee wetu waliusikia kutoka Kongo. Lakini wimbo haukufika nusu. Uzi wa kati ulianza kushuka, ukashuka zaidi, mpaka ukawa unabishana na wenzake. Kijana akasimama, akaokota jiwe, akaugonga msumari kwa ubavu ili uzunguke. Ukazunguka kupita kiasi. Akaugonga upande wa pili, ukalegea kabisa.

Mzee akanyoosha mkono, akalichukua gitaa, akaushika ule msumari kwa vidole viwili na kuuzungusha bila kutumia nguvu yoyote.

“Mjukuu wangu,” akasema, “msumari umezaliwa kukaa. Haukuzaliwa kuzunguka.”

Sentensi hiyo ndiyo sura nzima. Kinachotenganisha mchezo na ala ni kile kitu kidogo kinachoukaza uzi, kikaushika, kisha kikautii mkono unapotaka kuubadilisha. Watoto wetu wengi huacha gitaa la galoni wakifika miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Sisi husema wamekua. Mimi naamini wengi wao wamechoka: sikio limekua kuliko msumari. Limeshajua sauti sahihi iko wapi, na ala imekataa kukaa hapo.

Ukoo wa gitaa hili

Asije mtu akamwambia kijana wa Njinjo kwamba galoni lake ni dalili ya umaskini tu. Galoni hilo lina ukoo mkubwa, na ukoo huo una heshima.

Marekani, katika karne ya 19, sigara kubwa za biri zilianza kuuzwa ndani ya visanduku vidogo vya mbao. Sigara zikiisha, kisanduku kilibaki, nacho kilikuwa chepesi, kikavu na chembamba, mambo matatu ambayo mtengeneza ala yeyote huyatafuta. Askari wa vita ya wenyewe kwa wenyewe walivigeuza fidla. Mchoro wa Edwin Forbes wa mwaka 1876 unaonyesha fidla ya namna hiyo kambini. Mwaka 1884 mwandishi Daniel Carter Beard alichapisha maelekezo ya kuwafundisha watoto kutengeneza banjo kwa kisanduku cha sigara. Baadaye wapigaji wengi wa muziki wa blues, watu weusi wa mashamba ya pamba Kusini, walianzia kwenye ala za namna hiyo kabla hawajamudu bei ya gitaa la dukani. Vingi vya visanduku hivyo vilitengenezwa kwa mti wa sedrela, na mti huo leo unaota hata kwetu: umeenea mno ndani ya Msitu wa Kimboza, Morogoro, kiasi cha kuwasumbua wahifadhi.

Ukigeukia Bahari ya Hindi, ukoo unazidi kuwa karibu. Madagaska wana kabosy, gitaa dogo ambalo mara nyingi huundwa kwa kasha la pembe nne. Komoro wana gabusi, Lamu walikuwa na kibangala, na Zanzibar wazee waliijua gambusi. Hizi ni ndugu, na asili yao inaelekea kuwa Yemen, zilikotoka kwa majahazi. Huko Madagaska hata nyuzi za valiha, ala yao ya heshima, hutolewa kwenye waya wa breki za baiskeli. Yaani kijana wa Njinjo na fundi wa Antananarivo, bila kuonana, wamefungua baiskeli ileile.

Dodoma, Wagogo wana zeze: kibuyu kilichopitishwa mti, nyuzi zikakazwa kwa vigingi juu ya mti huo. Mwanamuziki wao marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilifikisha zeze kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani. Litazame zeze vizuri, kisha litazame galoni lenye ubao katikati. Ni umbo moja: chombo kitupu kilichopenywa na mti. Kijana hakuiga gitaa la dukani. Alirithi zeze bila kuambiwa. Kitu kimoja tu hakukirithi, nacho ni vile vigingi.

Kuna pia majirani wa leo. Kinshasa, Roger Landu wa kundi la Staff Benda Bilili alijitengenezea satonge kwa kopo, upinde wa mti na uzi mmoja, akazunguka nayo dunia. Filamu ya kundi hilo ilionyeshwa Cannes mwaka 2010. Malawi, Madalitso Band hupanda majukwaa ya kimataifa na babatoni, besi ndefu ya uzi mmoja waliyoiunda wenyewe. Hakuna aliyewahi kuwarudisha nyumbani kwa sababu ala zao hazikutoka kiwandani.

Nimalizie ukoo na habari inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Wazee wengi wa Tanzania huliita gitaa kavu “galatoni”. Jina hilo limetokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini na kuuzwa sehemu nyingi za Afrika. Gitaa la namna hiyohiyo, Gallotone Champion, ndilo John Lennon alilokuwa nalo huko Liverpool siku alipokutana na Paul McCartney, Julai 1957. Ndani lilikuwa na kibandiko cha kumhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Babu yetu na kijana wa Beatles walianza na gitaa la ukoo mmoja. Gitaa la kwanza la mtu halimfungii njia. Linachotakiwa kufanya ni kukaa kwenye sauti.

Mti wa ala unaota nyuma ya nyumba

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma.

Misitu ya Kilwa ni kati ya makazi makuu ya mpingo. Ulimwengu wa muziki unaujua mti huu kuliko sisi tunaouona kila siku: ndio unaochongwa klarineti, obo, na mabomba ya zumari za Waskoti. Mbao za moyo wake ni nyeusi, nzito kiasi cha kuzama majini, na ngumu kiasi cha kuumaliza msumeno. Mti wenyewe hukua polepole sana. Husemwa huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, hapa hapa Wilaya ya Kilwa, kupitia shirika la uhifadhi la MCDI la Kilwa Masoko, viliingia kwenye cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Ni jambo la kujivunia. Kijiji kinauza mti wake kwa bei yake, kinajua imekatwa mingapi, na fedha zinarudi kijijini.

Lakini gogo la mpingo ni la kupinda na lina nyufa. Sehemu ndogo tu ndiyo inayofaa klarineti. Vinavyobaki ni vipande. Na kigingi cha gitaa kinahitaji kipande cha urefu wa kiganja na unene wa kidole gumba. Kwa hiyo mti uliotengeneza klarineti inayopigwa Vienna umeacha mabaki chini ya mwembe wa seremala wa Njinjo, na hatua tano kutoka hapo kuna mtoto anayeliangusha gitaa lake kwa sababu ya msumari.

Sisemi mtu aende kukata mpingo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iko, kamati za maliasili za vijiji ziko, na mti uliosubiri miaka sabini haukatwi kwa ajili ya vigingi vitatu. Nasema mabaki. Mwulize seremala aliyeupata mti wake kwa kibali akuwekee vipande. Ukikosa mpingo, moyo wa mninga mkavu unatosha kwa gitaa la mwanafunzi, ingawa utaisha mapema.

Sanduku na shingo

Sitakawia hapa, kwa kuwa mkono wa Njinjo tayari unaijua kazi hii. Nitaongeza mambo machache tu.

Galoni la plastiki hutoa sauti, lakini plastiki huimeza sehemu yake kubwa. Ukitaka gitaa liseme, likate dirisha upande mmoja, uligandishe ubao mwembamba wa plaiwudi wa milimita 3, au uliwambe ngozi ya mbuzi. Debe lina sauti kali kuliko galoni. Bora zaidi ni kisanduku cha mbao cha sentimita 24 kwa 18, kina cha sentimita 6, kuta za mninga na uso wa plaiwudi. Uso ndio unaoimba. Kuta ni za kuushikilia.

Shingo iwe ubao mmoja ulionyooka, mninga au mkongo mkavu, urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 4, unene wa sentimita 2. Ipitishe ndani ya sanduku mpaka itokeze upande wa pili, kama mti wa zeze. Usiiunganishe kwa gundi kwenye ukuta wa sanduku peke yake. Nyuzi tatu za chuma zilizokazwa vizuri huvuta kwa jumla ya kilo 20 hivi. Hiyo ni ndoo ya maji ya lita 20 inayoning’inia shingoni mchana na usiku. Shingo iliyopita ndani kwa ndani itaibeba. Iliyobandikwa itaachia.

Weka kidaraja cha juu, cha mfupa wa ng’ombe, mahali shingo inapoishia kichwani, na kidaraja cha chini juu ya uso wa sanduku. Kutoka kimoja hadi kingine pima sentimita 60. Kama unataka freti, yaani vile vizuizi vya shingoni vinavyogawa sauti, hizi hapa kwa milimita, zote zikipimwa kutoka kidaraja cha juu: ya kwanza 33.7, ya pili 65.5, ya tatu 95.5, ya nne 123.8, ya tano 150.5, ya saba 199.5, na ya kumi na mbili 300 kamili. Hiyo ya mwisho ndiyo nusu ya uzi, na nusu ya uzi hurudisha sauti ileile ngazi nzima juu, do hadi do. Ukikosea nyingine zote, hiyo usiikosee.

Jambo la mwisho kwenye shingo ni kichwa. Usikiache kikiwa sawa na shingo. Kipunguze uso kwa milimita 8 hadi 10, kianze chini kidogo ya kidaraja cha juu, ili uzi uvuke kidaraja ukishuka kuelekea kigingini. Uzi usioshuka haukikandamizi kidaraja. Utakoroma kila ukipigwa, na utalaumu kigingi bure.

Kigingi cha mti

Kwa nini msumari unashindwa? Tundu lake limenyooka, upana mmoja juu na chini. Unapouzungusha, nyuzinyuzi za mbao zilizokuwa zikiubana zinasagika, na zikishasagika hazirudi. Kigingi cha kweli ni chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine, na tundu lake ni hivyohivyo. Ukikisukuma ndani kinabana. Ukikivuta nje kidogo kinalegea. Kikila mbao, unakisukuma zaidi, kinabana upya. Msumari kila siku unazidi kulegea, kigingi kila siku kinazidi kukaa. Werevu wote wa wazee uko hapo.

Mafundi wa fidla duniani hutumia kipimo cha moja kwa thelathini: katika kila milimita 30 za urefu, kigingi kinapungua unene wa milimita moja. Chukua kipande cha mpingo cha sentimita 8. Acha sentimita 2 za mwanzo zibaki bapa, kama mkia wa samaki, hapo ndipo vidole vitashika. Sentimita 6 zilizobaki zichonge ziwe mviringo, unene wa milimita 9 upande wa kichwa na milimita 7 mwishoni. Tumia tupa, halafu msasa. Funika pua na mdomo kwa kitambaa, maana vumbi la mpingo linawasha na halifai kifuani. Tengeneza vinne kwa gitaa la nyuzi tatu. Cha nne si cha akiba.

Hicho cha nne ndicho kifaa chako cha kutobolea. Toboa kwanza tundu la kawaida, linalopitisha ncha ya kigingi hicho kikiwa na msasa, kwenye kichwa cha gitaa, ukiwa umeweka ubao wa taka chini yake ili mbao isipasuke keekee inapotokea upande wa pili. Kisha zungushia kile kigingi cha nne msasa, kiingize tunduni, na ukizungushe taratibu. Tundu litaanza kuchukua umbo lake. Seremala wa Njinjo aliifanya kazi hii amefumba macho. Nilipomwuliza sababu, akasema macho yanaharakisha mkono.

Halafu pima. Kikwaruze kigingi kwa penseli kote, kiingize, kizungushe mara mbili, kitoe. Palipong’aa ndipo panapogusa. Kikigusa upande mmoja tu wa kichwa, endelea na msasa. Kikigusa pande zote mbili, mbele na nyuma, kimekaa. Toboa kijitundu cha milimita 1.5 cha kupitishia uzi.

Kuna siri mbili za mwisho, na zote ziko nyumbani kwako. Kigingi kikiteleza, kipake chaki ya ubaoni. Kikikwama na kuzunguka kwa kushtuka, kipake sabuni ya mche iliyokauka. Mafundi wa fidla wa Ulaya walitumia chaki na sabuni hizohizo kwa vizazi. Ukizungusha, sukuma kidogo ndani wakati uleule, kama mtu anayefunga kizibo cha chupa. Mtoto akishajua mwendo huo, jiwe la kugongea litabaki chini.

Mashine ya kukazia

Kigingi cha mti kina udhaifu mmoja. Chenye unene wa milimita 8 kikizunguka robo tu kimevuta zaidi ya milimita 6 za uzi. Kwa uzi wa chuma, hiyo ni safari ndefu. Sauti sahihi unaipita kabla hujaisikia. Mshipi wa nailoni unavumilia kwa sababu unavutika. Waya hauna subira hiyo.

Hapa ndipo mashine ya kukazia inapofaa, ile yenye gurudumu dogo la meno na parafujo. Nyingi zimeandikwa 14 kwa 1, yaani unazungusha sikio mara kumi na nne ili mhimili wa uzi uzunguke mara moja. Kwa mhimili wa milimita 6, mzunguko mmoja wa sikio unavuta milimita 1.3 hivi. Mkono wa mtoto sasa unaweza kusogea kidogo kidogo kama sikio lake linavyotaka. Tena parafujo inaweza kulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha parafujo. Uzi ukivuta usiku kucha, unakuta mlango umefungwa.

Mashine hizi hupatikana kwenye maduka ya ala mijini, lakini pa kuanzia ni gitaa lililokufa. Gitaa la shule, la kanisa, la bendi iliyovunjika, lililopasuka mgongo na kutupwa stoo, bado lina mashine sita hai kichwani. Gitaa moja lililokufa linafufua mawili ya nyuzi tatu.

Zingatia haya unapozifunga. Kichwa kisizidi unene wa milimita 14 au 15. Kikizidi, mhimili hautatokeza vya kutosha. Pima mhimili kabla ya kutoboa, kwani matundu hutofautiana. Mengi ya kisasa ni milimita 10. Igeuze mashine ili parafujo iwe upande wa sanduku na gurudumu liwe juu yake, kuelekea ncha ya kichwa. Hivyo uzi unapovuta unalikandamiza gurudumu kwenye parafujo. Ukiigeuza kinyume, uzi utalivuta gurudumu liachane na meno, na mashine nzima itacheza.

Nililipa ada ya somo linalofuata. Skrubu za mashine hizi ni ndogo kama punje ya mpunga. Nilizifunga za kwanza moja kwa moja kwenye mninga, bila kutoboa, nikiamini nguvu ya bisibisi. Ya pili ilikatika ikabaki ndani, na kuitoa kuliharibu kichwa chote. Ilinibidi nichonge shingo nyingine. Toboa kwanza kijitundu cha milimita 1.5, paka skrubu sabuni, ndipo uifunge, na usikaze ya kwanza mpaka zote ziwe zimeingia.

Uzi upitishe tunduni, uache urefu wa kutosha mizunguko miwili au mitatu, na mizunguko hiyo ishuke kuelekea mbao, isipandiane. Ncha ya waya ikunje kwa koleo, maana waya wa breki huchoma kama mwiba wa mgunga.

Do, so, do

Sasa kaza. Kwa gitaa la nyuzi tatu sina ushauri bora kuliko huu: uzi mnene uwe do, wa kati uwe so, mwembamba uwe do ya juu. Mtoto aliyeimba kwaya ya shule anazijua sauti hizo. Wapigaji wa gitaa la kisanduku Marekani hukaza hivyohivyo, na kuna sababu: nyuzi zote zikipigwa wazi zinapatana, na kidole kimoja kikilazwa juu ya zote kinahamisha wimbo mzima.

Panda polepole. Kupandisha uzi ngazi nzima, kutoka do hadi do, kunadai mvuto mara nne, si mara mbili kama mtu anavyodhani. Kwa hiyo uzi unaokataa usiulazimishe. Badilisha, weka mwembamba zaidi. Kamba hukatikia pembamba, na waya wa breki una kutu usiyoiona. Ukishafika, uvute uzi kwa kidole mara tatu nne kutoka kwenye uso wa gitaa, usikie umeshuka, ukaze tena. Uache usiku kucha. Asubuhi kaza tena. Siku ya tatu utaukuta pale ulipouacha.

Kijana wa Njinjo alirudi baada ya siku tatu. Mzee alikuwa ameng’oa misumari, amekatia ubao kichwa kipya, ameweka vigingi vitatu vya mpingo. Galoni lilikuwa lilelile, nyuzi zilezile. Kijana akakaza do, akakaza so, akakaza do ya juu, akapiga wazi mara moja, kisha akanyamaza akisikiliza mpaka sauti ilipokwisha yenyewe. Akapiga wimbo wake wote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa mara ya kwanza tukausikia una mwisho.

“Asante, babu.”

“Asante ni kumtengenezea mwenzako,” mzee akajibu, akamkabidhi kile kigingi cha nne na kipande cha msasa.

Kwa hiyo ombi langu kwako msomaji ni dogo. Nyumbani kwako au jirani yako kuna mtoto mwenye galoni lenye waya. Usimwambie aache makelele, wala usimwahidi gitaa la dukani ambalo hujui utalinunua lini. Ewe mwalimu wa stadi za kazi, tumia vipindi viwili vya muhula kuchonga vigingi. Ewe seremala, usiviunguze vipande vya mpingo. Viweke kwenye kopo. Nawe mwenye gitaa bovu stoo, zing’oe mashine zake leo. Mtoto ameshatengeneza sanduku, ameshapata nyuzi, na wimbo anao. Kilichobaki ni kigingi.